Gari limezimika Bonga, nyumbani ni Maisaka: kabla hujafunga kamba

Jumapili jioni familia inarudi kutoka harusini Kondoa. Wakifika Bonga injini inazimika na haiwaki tena. Baba anampigia simu shemeji yake wa Maisaka mwenye Land Cruiser. Shemeji anafika upesi na kamba ileile anayofungia magunia ya mahindi, inafungwa kwenye bampa, na kijana wa kidato cha tatu anaambiwa, "Wewe shika usukani tu." Mama na wadogo zake wanabaki kwenye viti vya nyuma. Giza nalo linaingia.

Ni picha iliyozoeleka mno Babati, mji ambao barabara za Arusha, Singida na Dodoma zinakutana. Wengi hufika salama, na ndiyo maana hakuna anayeiogopa.

Kosa la kwanza ni huyo kijana. Gari linalovutwa ni gumu kuendesha kuliko linalovuta. Injini ikizima, breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo kanyagio huwa gumu kama jiwe na usukani huwa mzito. Anayekaa pale awe mtu mzima mwenye leseni na nguvu za mguu, na anayejua kwamba kazi yake kubwa ni kuilinda kamba isilegee, hasa kwenye mteremko, ambako yeye ndiye anayefunga breki kwanza. Mama na watoto wapande gari la mbele au watafutiwe bajaji. Ufunguo usichomolewe, kwa kuwa usukani utajifunga kwenye kona ya kwanza.

Kosa la pili ni bampa. Ya magari ya siku hizi ni plastiki. Magari mengi ya Japani yana pete ya chuma ya kuvutia, iliyo chini ya gari au iliyowekwa pamoja na jeki ili ichomekwe kwenye tundu lenye kifuniko kidogo. Usiichanganye na vile vitundu vyembamba vya chini vilivyotumika kulifunga gari lisicheze melini. Hivyo havikutengenezwa kwa kuvuta, na vikikatika kipande huruka kama risasi.

Kamba ya nailoni ina tabia hiyohiyo: hunyooka, kisha ikikatika hurudi kwa kasi. Koti zito au blanketi likitandikwa katikati yake hupunguza nguvu hiyo. Lakini kilicho bora ni chuma cha kuvutia, kile kinachoshika magari mawili bila kulegea, hivyo la nyuma haliwezi kulivamia la mbele. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza, ila chuma kiwe kinene na pini ziwe na kizuizi cha kuzizuia zisichomoke. Pembeni yake upite mnyororo wa akiba. Wastaafu wa Marekani wanaosafiri na nyumba za magurudumu huku wakivuta gari dogo nyuma hufunga minyororo miwili kwa kupishanisha, na wengi huongeza kifaa cha kulifungia breki gari la nyuma. Wao huvuta kwa starehe, sisi kwa shida, lakini uzito ni uleule.

Halafu kuna bodaboda. Usiku dereva wa pikipiki huona magari mawili yenye nafasi katikati, naye hupenya. Kamba haionekani. Kitambaa chekundu au cheupe katikati ya kamba ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, nacho ndicho husahaulika zaidi.

Taa ndizo zinazohitaji fundi umeme mapema, kabla ya siku ya shida. Gari lililozimika halichaji betri, na taa za tahadhari zikiwaka muda mrefu huimaliza. Dawa yake ni ubao wa taa unaofungwa nyuma ya gari linalovutwa, wenye waya unaofika kwenye gari la mbele kupitia plagi ya pini saba. Kwa mpangilio wa kawaida wa plagi hiyo, waya mweupe ni wa ethi, wa njano indiketa ya kushoto, wa kijani ya kulia na mwekundu wa breki. Rangi za waya za gari lenyewe hazifanani na hizo, kwa hiyo fundi apime kwa taa ya majaribio, asikisie.

Asizisokote waya hizo moja kwa moja kwenye waya za taa za nyuma. Balbu mbili za breki za wati 21 hula takribani ampea 3.5, na mzigo huo ukiongezwa kwenye mfumo wa zamani fyuzi huungua, taa za magari yote mawili zikazimika kwa pamoja. Afadhali ubao uwe na rilei na fyuzi yake kutoka kwenye betri. Ukiona indiketa inawaka na taa ya breki nayo inapepesa, tatizo karibu kila mara ni ethi mbovu. Waya uachiwe ulegevu wa kutosha kona, usiburuze lami.

Magari ya gia za otomatiki ni shauri jingine. Injini ikizima, pampu ya kulainisha gia haifanyi kazi, na kuyaburuza masafa marefu huua gia ambayo bei yake inaumiza kuliko kukodi gari la kubeba. Yale ya kuvuta kwa magurudumu yote manne ndiyo hasa yabebwe.

Mkifika Maisaka, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi kabla mtu hajainama kufungua pini.