Feni ya Chumba cha Uyoga Isiwe Kero kwa Jirani

Kilimo cha uyoga hakihitaji shamba kubwa. Chumba kimoja, au hema la plastiki lililosimamishwa ndani ya stoo, kinatosha kuanza. Ndiyo maana wakazi wa mijini wanakifanya katika ploti wanamoishi. Lakini uyoga hupumua, na ili upate hewa safi ni lazima feni ifanye kazi usiku na mchana. Hapo ndipo malalamiko huanza. Mvumo ambao mchana humezwa na magari na shughuli za mtaa, usiku wa manane husikika hadi kitandani kwa jirani.

Ugomvi wa aina hii mara nyingi huishia pabaya. Ama feni inazimwa usiku na mavuno yanaharibika, ama inaendelea kuvuma na ujirani ndio unaoharibika. Hata hivyo, ipo njia ya tatu. Feni ikifungwa vizuri na kuzungushwa polepole, chumba hupata hewa yake na jirani hupata usingizi wake.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ratiba ya Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyingine kwa umma. Viwango vyenyewe vimewekwa na kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mtetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira. Katika eneo la makazi, sauti inayopimwa nje haipaswi kuzidi desibeli 50 mchana na desibeli 35 usiku. Usiku, kwa mujibu wa kanuni hizo, huanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Desibeli 35 ni kimya cha chumba ambamo watu wananong'onezana. Feni inayozunguka kwa kasi yake yote karibu na dirisha la jirani hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo mkulima asingoje kushtakiwa ndipo achukue hatua.

Kwa nini feni isizimwe

Uyoga huvuta oksijeni na kutoa hewa ya kaboni kama binadamu. Hewa hiyo ikijaa chumbani, uyoga wa oyster hurefuka shina na kubaki na kofia ndogo, na mnunuzi sokoni hautaki. Unyevu nao hukwama juu ya kofia, na madoa ya bakteria hufuata.

Kuna pia afya ya mkulima mwenyewe. Uyoga uliokomaa hutoa vumbi jembamba la mbegu lisiloonekana kwa urahisi. Anayelivuta kila siku katika chumba kisicho na hewa anaweza kupata kikohozi, homa na matatizo ya mapafu. Barakoa na feni vyote vinahitajika.

Wengine huweka taima ili feni iwake na kuzimika usiku kucha. Hilo linaweza kuongeza kero badala ya kuipunguza, kwa sababu aliyelala hushtuka zaidi sauti inapoanza ghafla kuliko anaposikia mvumo mdogo usiobadilika.

Hatua ya kwanza: zuia mtetemo

Feni iliyopigiliwa moja kwa moja ukutani au kwenye mbao za paa huutikisa ukuta mzima, na ukuta hugeuka kuwa ngoma. Ishara yake ni mvumo mzito unaosikika hata chumba cha tatu. Dawa yake ni rahisi: feni ining'inizwe kwa kamba za mpira, au iwekwe vipande vya mpira wa tyubu kati yake na ukuta. Kati ya feni na bomba la hewa kuwe na kipande cha bomba laini linalopindika, ili mtetemo usisafiri.

Kabla ya hapo, umeme uzimwe na feni isafishwe. Vumbi likishika upande mmoja wa mapanga, feni hupoteza mizani na kuanza kugonga. Ikiwa inakwaruza hata baada ya kusafishwa, huenda beringi zimekwisha na zinahitaji kubadilishwa. Wavu wa wadudu nao usafishwe, kwa kuwa wavu ulioziba huifanya feni ihangaike na kelele huongezeka.

Hatua ya pili: punguza kasi

Hapa ndipo penye nafuu kubwa zaidi. Kasi ya feni ikipungua nusu, hewa inayopita hupungua nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huona kushuka kwa desibeli 10 kama sauti kupungua nusu, kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa.

Swali ni kama chumba kitapata hewa ya kutosha. Chukua mfano wa chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita 30 za ujazo. Mkulima akilenga kubadilisha hewa yote mara 6 kwa saa, anahitaji mita 180 za ujazo kwa saa. Feni yenye uwezo wa mita 400 kwa saa, ikizungushwa kwa nusu ya kasi, itatoa takriban 200. Nyavu na kona za bomba hupunguza kiasi hicho, hivyo ni vyema kununua feni kubwa kuliko mahitaji na kuizungusha polepole, badala ya kununua ndogo na kuikimbiza.

Mwenye feni ndogo anaweza kuongeza ya pili inayofanana nayo na kuzizungusha zote mbili kwa nusu ya kasi. Hewa inabaki ile ile. Feni ya pili huongeza desibeli 3 tu, kwa hiyo kelele kwa jumla hushuka kwa takriban desibeli 12.

Tahadhari: swichi ya kufifisha taa isitumiwe kupunguza kasi ya feni. Mota inaweza kuunguruma, kupata moto na kuungua. Kitumike kidhibiti kinacholingana na mota hiyo. Chumba cha uyoga huwa na maji na unyevu mwingi, kwa hiyo kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Hatua ya tatu: nyamazisha njia ya hewa

Sauti hutoka pamoja na hewa kupitia bomba. Ili kuipunguza, bomba lipitishwe katika sanduku la mbao nzito lenye vizuizi ndani, hewa ilazimike kupinda mara mbili kabla ya kutoka. Kuta za ndani zifunikwe kwa sufu ya mwamba, ile inayotumiwa kuzuia joto viwandani, na juu yake uwekwe wavu ili nyuzi zisipeperuke. Nafasi ya hewa ndani ya sanduku iwe pana kuliko bomba, la sivyo feni itakabwa. Sponji la godoro halifai: hushika moto haraka, na katika unyevu huota ukungu.

Trei za mayai zinazobandikwa ukutani nazo hazisaidii. Ni nyepesi mno kuzuia sauti isipite, sawa na plastiki ya hema. Kinachozuia sauti ni uzito, yaani ukuta wa mawe au matofali uliozibwa mianya yote. Ufa mdogo chini ya mlango unatosha kupitisha kelele.

Hatua ya nne: geuza mdomo wa bomba

Mdomo wa bomba usielekezwe kwenye dirisha la jirani, wala kwenye ujia mwembamba kati ya nyumba mbili, ambako sauti hugonga huku na huku. Uelekee upande wa wazi. Mahali pasipo na kuta za kurudisha sauti, kila umbali unapoongezeka maradufu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 6. Kuhamisha mdomo kutoka mita 2 hadi mita 4 kutoka kwa dirisha kunaweza kuleta tofauti hiyo.

Kupima na kuzungumza

Baada ya marekebisho, mkulima asimame kwenye mpaka wa ploti baada ya saa nne usiku na kusikiliza. Programu ya simu inaweza kumpa makadirio, ingawa si kipimo cha kutegemewa kisheria. Kipimo bora zaidi ni kumwuliza jirani mwenyewe kama amelala.

Jirani naye anashauriwa kuanza kwa kubisha hodi kabla ya kuandika malalamiko. Mara nyingi mkulima hajui sauti inafika wapi, kwa kuwa yeye hulala upande wa pili wa ukuta. Wasipoelewana, suala lifikishwe kwa msimamizi wa wadi au kwa afisa wa mazingira wa kaunti. Malalamiko ya kelele hupokelewa pia na NEMA. Mlalamishi aandike tarehe, saa na muda ambao kelele ilidumu.

Anayepanga kuanzisha kilimo hiki nyumbani amwone kwanza afisa wa ugani katika wadi yake, na akikodi chumba, apate kibali cha mwenye ploti. Ni nafuu kuning'iniza feni kwa mpira siku ya kwanza kuliko kubomoa ukuta baada ya msimu wa kwanza.