Fahamu: Kwa nini Lightroom ya zamani hugomea kamera mpya

Mpiga picha wa Mwimbi karudi na kamera mpya kutoka Sumbawanga. Kapiga kipaimara, kachomeka kadi kwenye kompyuta: picha hazifunguki. Kadi haina kosa. Kila modeli ya kamera huandika mafaili yake ghafi kivyake, na programu lazima ifundishwe kuyasoma. Katika Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, toleo la 6 la mwaka 2015 ndilo la mwisho kuuzwa ukalinunua mara moja likawa lako. Masasisho yake yalikoma 2017, hivyo halizijui kamera zilizotoka baadaye. Kupata toleo jipya sasa ni kulipia usajili, bando nalo likidai lake. Ukipiga JPEG badala ya faili ghafi, umepona. Au geuza mafaili ghafi yawe DNG, ambayo toleo la zamani huyasoma, kwa kigeuzi cha DNG cha Adobe; hicho ni cha bure. Ukihamia toleo jipya, nakili kwanza katalogi, yaani kumbukumbu ya picha zako ndani ya Lightroom: ikishageuzwa, toleo la zamani haliifungui.