Kifafa na Usubi

Mtoto akianguka kifafa karibu na moto, wako wanaosita kumshika. Husema povu lake linaambukiza. Makovu ya moto tunayoyaona kwa wagonjwa wengi basi yametokana pia na woga wetu. Povu lile ni mate tu. Kifafa ni ubongo kutoa amri nyingi kwa ghafla, bila mpango. Hakimrukii anayemsaidia mgonjwa.

Jirani zetu wa Mahenge wamechunguzwa siku nyingi. Katika miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alihudumia huko kliniki ya kifafa. Aliona hata watoto ambao vichwa viliwainamia mara kwa mara kana kwamba wanasinzia. Mwaka 2017 watafiti wa NIMR na Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walipita vijiji vinne, wakakuta watu 25 hivi wenye kifafa katika kila 1,000. Wanaoshukiwa ni minyoo ya usubi, iletwayo na inzi wadogo wazaliao penye maji yaendayo kasi. Inavyoudhuru ubongo, wataalamu bado wanachunguza. Mwaka 2019 Mahenge ilianza kupewa Mectizan mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja.

Ruvuma nayo ina maeneo ya usubi. Mgawa dawa akija na kijiti chake cha kupimia urefu, msiwafiche watoto. Mwenye kifafa ameze dawa zake kila siku. Akiziacha ghafla, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Akianguka, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, wala usimtie kijiko mdomoni.