Kuni za Kupanda Zitaokoa Migunga Yetu

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya nchini Kenya hupika kwa kuni. Katika Kitui na Makueni, sehemu kubwa ya kuni hizo na makaa hutokana na miti ya asili kama migunga, ambayo huchukua miaka mingi kukomaa.

Mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti. Hata hivyo, marufuku pekee haipiki githeri. Ndiyo maana wataalamu wanahimiza kila boma litenge sehemu ya shamba kwa ajili ya miti ya kuni.

Mti kama mjohoro hufaa kwa kazi hii. Huvumilia ukame na huwa tayari kukatwa baada ya takriban miaka mitano hadi saba. Ukikatwa vizuri, kisiki huchipua tena bila kupanda upya. Miti inayochipua hufyonza hewa ya kaboni iliyotoka jikoni, na hapo ndipo kuni huwa nishati jadidifu. Mkulima akikata bila kuacha kisiki kichipue, faida hiyo hupotea.

Mukau, unaojulikana sana Ukambani, hupandwa kwa ajili ya mbao, lakini matawi yanayopogolewa huwa kuni. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) ina mashamba ya mbegu bora za mukau Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni.

Faida haziishii jikoni. Mizizi hushikilia udongo usisombwe na mvua. Akina mama na watoto hupunguziwa safari ndefu za kutafuta kuni, nayo familia hupata pesa kwa kuuza kuni, nguzo na mbao.

Wananchi wanashauriwa:

• Wasikate miti ya asili ili kupata nafasi ya kupanda.
• Wachimbe mashimo mapema na kupanda mvua za Oktoba hadi Desemba zinapoanza.
• Wawazuie mbuzi wasifikie miche.
• Watumie jiko linalookoa kuni.
• Wapate kibali cha Huduma za Misitu Kenya (KFS) kabla ya kuchoma au kusafirisha makaa ya kuuza.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa misitu au wa kilimo katika wadi yako.