Foto ya ndege: sogea wewe, usikate matawi

Asubuhi kando ya Ziwa Kivu, pale Bukavu, si vigumu kumwona mdiria. Ni ule ndege mweusi na mweupe, mwenye mdomo mrefu, anayesimama hewani akipigapiga mabawa, kiisha anashuka majini kama jiwe kutafuta samaki. Kijana anatoa telefone, anapiga foto. Akifika nyumbani anaona nini? Mabati, kamba ya nguo, bidoni ya njano. Ndege mwenyewe ni wa kutafuta kwa kidole.

Wengi wanafikiri kosa ni la apareyi. Mara nyingi hapana: kosa liko nyuma ya ndege.

Kwa nini nyuma inasumbua?

Macho yetu yanachagua. Tukimwangalia ndege, tunasahau mabati. Apareyi haisahau kitu, inachukua vyote. Ni kama ile foto ya ndoa ambamo poto ya umeme inaonekana imeota kichwani mwa bwana arusi. Wakati wa kupiga, hakuna aliyeiona.

Ufanye nini?

Kwanza, sogea. Ndege yuko karibu, nyumba ziko mbali. Kwa hiyo hatua mbili tatu za upande zinaweza kutosha: nyumba zinatoka, maji yanabaki peke yake nyuma yake. Kama ndege yuko chini, chuchumaa au lala tumbo. Ukipiga umesimama, udongo na takataka zilizo karibu naye vinaingia. Ukishuka hadi usawa wa macho yake, nyuma inakuwa fasi ya mbali.

Pili, angalia kilicho nyuma kiko umbali gani. Ndege akikaa katikati ya majani, kila jani litaonekana. Ngoja ahamie ncha ya tawi, fasi ambayo nyuma yake ni wazi. Mwenye apareyi kubwa atumie lenzi ndefu, tuseme ya milimita 400, na namba ndogo ya f, kama 5.6; nyuma itakuwa laini kama ukungu.

Lenzi ya telefone ni fupi, haileti ukungu huo kirahisi. Ile programu ya sura inautengeneza kwa hesabu, na mara nyingine inakula manyoya ao mdomo. Mwenye telefone, msaada wake mkubwa njo miguu yake.

Tatu, mwanga. Mbingu nyeupe nyuma ya ndege inamfanya awe mweusi. Ongeza mwanga kidogo kwenye apareyi, ao zunguka ili jua likae mgongoni mwako.

Kitu kimoja usifanye

Kuna wapiga foto wanaovunja matawi kando ya kiota ili vifaranga waonekane vizuri. Lile jani linalokusumbua wewe, kwao ni paa na ni mlango: linawapa kivuli saa sita, linawaficha mwewe na kunguru. Ukilitoa, utapata foto safi. Vifaranga watabaki uchi juani.

Hata kukaa tu karibu na kiota muda mrefu kunaweza kuua. Mzazi anaogopa kurudi, mayai yanapoa. Ndege akiacha kula, akinyoosha shingo ao akilia bila kunyamaza, amekwisha kukuambia: rudi nyuma.

Fikiri juu ya korongo mwenye taji. Tangu mwaka 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Anataga chini, kwenye majani ya vinamasi, na watu wanamkamata ili wamuuze akiwa hai. Nyasi ulizokanyaga kufika pale zinabaki njia kwa mbwa na kwa wawindaji. Na ukituma foto kwa watu, usitaje fasi ya kiota.

Kama tawi linaharibu foto, hamia upande mwingine. Kama hakuna upande mwingine, iache foto hiyo. Kesho asubuhi ndege atakuwa bado yuko.