Bustani ya Jiji Isiyo na Ndege

Mama mmoja aliposikia kwamba bustani ya mtaa wao itapandwa miti ya asili badala ya nyasi na maua, alituuliza: "Je, hamtuletei nyoka na mbu karibu na watoto?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza twende Karura.

Msitu huo wa jijini Nairobi wengi wanaukumbuka kwa ajili ya Profesa Wangari Maathai, aliyejeruhiwa huko Januari 1999 alipokwenda kupanda miti katika ardhi waliyogawiwa watu binafsi. Msitu ukaokoka. Hata hivyo, sehemu kubwa yake ilikuwa imepandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni tangu enzi za ukoloni, kwa ajili ya kuni na mbao. Penye uwazi palisongwa na lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mbalimbali kilicholetwa kutoka Amerika kama pambo, ambacho majani yake hudhuru ng'ombe na mbuzi.

Ukisimama kati ya mikaratusi, juu utaona kijani tele. Chini ni majani makavu, na ndege ni wachache. Kwa nini? Kwa sababu viwavi wengi hula tu majani ya mimea waliyoizoea tangu kale, na pasipo viwavi ndege hawana cha kulisha makinda yao. Tazama mugumo. Maua yake yamejificha ndani ya tunda, na nyigu mdogo kuliko punje ya mtama ndiye anayeingia kuyachavusha. Nyigu huyo akikosekana, hakuna mbegu. Akiwapo, hondohondo, popo na kima wote hula hapo.

Ndiyo maana idara ya misitu, pamoja na chama cha wananchi kiitwacho Friends of Karura Forest, wamekuwa wakiing'oa lantana pamoja na mizizi, na kuondoa miti ya kigeni kidogo kidogo ili kupanda mihugu, miiri na mingineyo ya asili. Kati ya 2014 na 2016 mbega walihamishiwa humo kutoka Kipipiri, nao wanazaliana. Kazi hii ni ya miaka mingi. Asiye na subira asiianze.

Sasa tumjibu mama yetu. Mbu hupumzika kwenye majani, ni kweli, lakini hazaliani humo. Huzaliana katika maji yaliyotuama: kopo, tairi kuukuu, hata kifuniko cha chupa. Bustani yenye nyasi fupi na takataka ina mbu kuliko kichaka kisafi. Kuhusu nyoka, njia ziwe pana, nyasi za kando zifyekwe, na watoto wachezee palipo wazi. Miti ikae pembeni.

Faida yake kwa afya tunaiona kila siku. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, na zaidi sana mwenye shinikizo la damu au kisukari. Nani atatembea juani saa saba mchana? Penye kivuli hata bibi atatoka.

Jambo moja linatusikitisha. Miti hii ikishakua, watu huja na panga kubandua magome: muthiga kwa kikohozi, mwiri kwa tezi dume. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Tena, akina baba, dalili za tezi iliyovimba tu na za saratani hufanana. Anayeamka mara nyingi usiku kukojoa, au ambaye mkojo hutoka kwa shida, aende hospitali akapimwe kabla ya kunywa chochote.

Wanaotaka kuanza mtaani waombe kwanza kibali cha mamlaka ya eneo lao, wapande mvua za masika zinapoanza, na kumwagilia miche wakati wa kiangazi hadi ishike.