Durban: Sindano na uzi kando ya bahari

Kati ya Machi na Mei, wakati nyumbani masika yamepamba moto, hapa Durban joto na mvua hupungua. Ndipo sisi wana Afrika Mashariki tunapobeba kofia na sindano, tukaketi ufukweni kudarizi. Kofia moja ya mkono huchukua wiki kadhaa.

Pembeni, akina mama wa Kizulu hutunga shanga. Lugha ni mbalimbali, lakini uzi uliolegea sote tunautambua.

Si starehe tu. Aprili 2015, ghasia dhidi ya wageni zilipozuka mjini humu, maduka yaliporwa na maelfu wakakimbilia kambi za Isipingo, Chatsworth na Phoenix. Duka huporwa; ufundi wa mkono hauporwi. Kwa hiyo tunawafundisha watoto wetu.